Kulinda Nguo za Watu

Mtaani kwetu Mashimoni hukuanika nguo ukaenda zako. Mama yangu alifua zetu na za watu, na zikishaning'inia kwenye waya, mmoja wetu watoto alikaa kwenye kigoda kuzilinda mpaka zikauke. Ukitaka kwenda haja, unazianua unakwenda nazo. Kufumba na kufumbua shati la mtu limekwenda, na mwenyewe utamwambia nini? Mjomba wangu, mdogo wake mama, alilelewa kwenye ploti hiyo hiyo ya vyumba vya kupanga na alilinda waya ule kabla yangu.

Miaka ya sabini mjomba alikuwa mpishi katika hoteli ndogo huko Pwani, ambako wazungu walikuja kupiga mbizi kuangalia samaki. Aliniombea kibarua cha kufagia ufuo. Nijaribiwe wiki mbili, kisha niandikwe. Mama alinifungia sanduku huku analia kwa furaha. Mgongo wake ulikuwa umechoka na mabeseni ya watu.

Siku ya tisa mzungu mmoja aliingia majini na mtungi wake wa hewa mgongoni, akaacha suruali, viatu na saa mchangani. Hivyo tu, wazi. Nilikasirika, nasema kweli. Mtu mzima anaachaje mali yake hivyo? Vijana wawili walikuwa wakipitapita pale, na jicho lao nililijua. Nikaikunja suruali, nikatia saa ndani ya kiatu, nikavipeleka vyote kivulini nyuma ya mtumbwi, nikavikalia. Ndivyo mama alivyotufundisha: kitu cha mtu, kikalie.

Mzungu alipotoka majini hakuona kitu. Akapiga kelele. Askari wa hoteli akanikuta nyuma ya mtumbwi, nimekalia saa.

Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Meneja akamwita mjomba kutoka jikoni, akamuuliza kama kweli kwetu watu hukalia nguo za wenzao. Meneja alikuwa ameshasema kwamba aliyenileta naye ajiangalie. Mjomba alikuwa na watoto wanne. Alinitazama mara moja tu.

"Mimi sijui mambo hayo," akasema, macho kwenye aproni yake.

Nilimchukia miaka mingi. Siku hizi namchukia kidogo tu.

Unga wangu ukamwagika hapo hapo. Polisi hawakuitwa, lakini askari alinisindikiza hadi barabarani amenishika mshipi, wafanyakazi wote wanatazama. Sijaona aibu kama ile tena.

Nyumbani nilimkuta mama anafua kando ya waya. Nikamsimulia kisa chote mpaka pale mjomba alipoitwa, nikaishia hapo. Alikuwa ameacha kusugua, mikono bado kwenye povu.

"Na mjomba wako alisemaje? Yeye si anajua?"

"Alinitetea sana," nikasema.

Akamshukuru Mungu kwa kumpa ndugu kama yule. Kisha akanisogezea kile kigoda cha zamani, kwa sababu nguo zilikuwa bado mbichi, nami nikakaa.