Nia za Kupeleka Gdańsk

Bogumiła Kwaśniak alifikisha miaka sitini na mmoja bila kusema uongo wa kutisha. Uongo mdogo mdogo alikuwa nao, kama kila mtu. Miaka thelathini na mmoja aliyopika katika shule ya msingi ya mji mdogo wa Opoczno, mbali na bahari, aliwaapia watoto kwamba supu ya bitiruti haina kitunguu, na kitunguu kilikuwamo, kimesagwa hadi hakionekani. Dhambi ya namna hiyo padri huisikiliza huku akipiga miayo. Huu wa mwezi wa tano ulikuwa wa daraja lingine.

Mambo yalianzia saluni kwa Wiesia. Wiesia ni rafiki yake tangu darasa la kwanza, ameolewa mara mbili na kuachika mara mbili, wala hamwogopi mtu. Siku hiyo alisubiri mpaka kichwa cha mwenzake kikapakwa rangi yote, maana mwanamke mwenye rangi kichwani hawezi kukimbia.

"Ijumaa ijayo tunakwenda Gdańsk," alisema. "Treni ya asubuhi. Jumapili jioni tumerudi. Chumba nimeshakipata, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama mto."

"Na mama mkwe wangu nimwache na nani?"

"Na Bi. Pelagia, mlango wa pili. Siku mbili tatu atakula viporo kama binadamu wengine. Shoga, umezaliwa nchi yenye bahari, unataka kuzikwa hujaiona?"

Bogumiła alikuwa ameitaka bahari tangu usichana. Mumewe Kazik alimwahidi kumpeleka kila kiangazi, na kila kiangazi kulikuwa na bomba la kuziba au gari la kutengeneza, hadi moyo wa Kazik ukasimama ghafla na kuwaacha wanawake wawili katika nyumba ya vyumba viwili ghorofani: yeye, na Bi. Leokadia, mama wa marehemu. Mtoto hawakujaliwa. Huu ulikuwa mwaka wa tisa wa kumwogesha bibi yule, kumpikia, kumkata kucha na kumsomea gazeti la parokia.

Alirudi nyumbani na karatasi ya daftari la hesabu ambayo juu yake walikuwa wameandika mpango wote. Kuitazama winchi kongwe ya mbao kando ya mto Motława. Kupanda mnara wa kanisa la Bikira Maria, ngazi mia nne na ushee, kama magoti yataridhia. Kula samaki wa heringi. Kuulizia bei ya hereni za kaharabu, kuulizia tu. Jumamosi mchana, tramu hadi ufuko wa Brzeźno, viatu mkononi, kukanyaga maji. Hapo kwenye maji alikuwa amepiga mstari mara mbili. Karatasi aliificha ndani ya kopo la unga, akaifungua mara tatu jioni ile ile, na kila alipoifungua alijiona mwizi jikoni kwake mwenyewe.

Jumapili baada ya Misa walikaa mezani, supu ya kuku na tambi mbele yao.

"Una jambo," alisema Bi. Leokadia. "Tangu asubuhi unafuta meza iliyo safi."

"Mama, Ijumaa nataka kusafiri. Mimi na Wiesia. Siku tatu."

"Wapi?"

Jibu alikuwa amelifanyia mazoezi bafuni. Lakini pale Opoczno mjane wa makamo ana sababu tatu tu za kulala nje ya nyumba yake: hospitali, mazishi, au hija kwa Bikira Mweusi wa Częstochowa. Kwenda kustarehe siyo sababu. Ulimi ukateleza ukaangukia mahali ulipozoea.

"Częstochowa," akasema.

Bi. Leokadia aliweka kijiko chini. Machozi yakamlengalenga. "Mwanangu," alisema, neno ambalo hakuwa amemwita tangu siku ya kumzika Kazik. "Mwanangu, unakwenda kuhiji."

Hapo ndipo alipopaswa kusema ukweli. Sekunde ilikuwapo, akaiacha ipite, akaongeza supu ambayo hakuna aliyeiomba.

Sasa kuna desturi ambayo Bogumiła aliijua toka utotoni na siku ile ikamtoka kichwani kabisa. Anayekwenda Częstochowa hubeba nia za majirani. Kila mtu huandika ombi lake kwenye kikaratasi, na mwenye safari hukiweka mbele ya picha ya Mama. Hukatai kikaratasi cha mtu. Wala hukisomi.

Bi. Leokadia, ambaye hashuki ngazi, alimwambia Bi. Pelagia kupitia roshani, na ikatosha. Jumatatu asubuhi Bi. Pelagia alibisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Ni goti langu, Bogusia," alisema, akimfupishia jina kama wafanyavyo wote. " Nimeandika goti lipi, Mama asije akachanganya. La kushoto."

Baada yake akaja bibi wa ghorofa ya pili, mjukuu wake ana mtihani wa hisabati. Akaja mwanamke ambaye hawajasalimiana tangu ugomvi wa kamba za kuanikia nguo, akatoa kikaratasi, akambusu shavu, akaondoka bila neno. Hata Bwana Telesfor wa ghorofa ya chini, ambaye huliita kanisa duka la mishumaa, alipenyeza chake chini ya mlango, hakukikunja hata kidogo: mbwa wangu hali chakula. Kufika Jumatano nia kumi zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, na Bogumiła alipita mbele ya kopo lile akiangalia pembeni. Alikuwa amewaibia watu kitu ambacho hakina hata jina la kukirudishia.

Wiesia alipoambiwa, alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Gdańsk kuna kanisa la Bikira Maria, kubwa unaweza kuegesha treni ndani. Tutaziweka huko. Mama ni yule yule!"

"Hawakunituma huko."

"Kwani barua ikipitia posta nyingine haifiki? Acha kujitesa. Beba sweta, kule kuna upepo."

Hoja hiyo ilimtuliza kwa muda wa kutoka saluni hadi duka la mikate.

Alhamisi saa tisa alasiri begi lilikuwa limefungwa, na pierogi, zile sambusa za kuchemsha, za siku tatu zilikuwa kwenye friji, kila sahani na jina la siku. Bi. Leokadia alimwita mezani. Alikuwa amevaa blauzi ya kanisani.

"Imebaki yangu," alisema. "Chukua kalamu, mikono yangu inatetemeka. Andika vizuri. Mama Mtakatifu, ni mimi Leokadia wa Opoczno."

Bogumiła akaandika.

"Nina miaka themanini na saba, imetosha, nashukuru. Naomba unichukue kabla ya majira ya baridi..."

Kalamu ikasimama.

"...ili Bogusia apumzike. Mbona huandiki?"

"Mama, nia gani hii?"

"Nia yangu. Yako utajiandikia. Miaka tisa unaninyanyua, hujaenda hata Warsaw. Nakuona. Mtu kama wewe hapumziki mpaka mwenzake afe. Andika: apumzike. Halafu uiweke kwa mkono wako mwenyewe, usimpe Wiesia, huyo ataipoteza kwenye mkoba wa rangi za kucha."

Na Bogumiła aliandika. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote hata baadaye, kwamba aliandika mpaka mwisho, kwa mwandiko wake mzuri wa orodha za shule, akatia na nukta. Kisha akaitazama ile nukta, akaweka kalamu chini.

"Mama, siendi Częstochowa."

"Unakwenda wapi?"

"Gdańsk."

"Amefariki nani Gdańsk?"

"Hakuna."

"Unaumwa? Unanificha? Wamekupa rufaa?"

"Siumwi, Mama. Nakwenda kutembea. Kuona bahari. Kula samaki. Kukaa tu."

"Kukaa tu," alirudia Bi. Leokadia, akilionja neno lile. Uso ulimbadilika. "Na nia za watu umezipokea."

"Nimezipokea."

"Na mimi ukaniacha niseme mpaka mwisho."

"Mpaka nukta, Mama." Akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata mazishini kwa Kazik. "Ningekwambia ukweli, ungesema..."

"Ningesema nini?"

Bogumiła hakujua. Miaka tisa hakuwahi kuuliza. Alikuwa amemfanya mama wa watu mlinzi wa gereza bila kumwarifu, akamnung'unikia kimoyomoyo kila wakati wa kumwogesha, na mlinzi mwenyewe kumbe alikuwa akimwombea mfungwa afunguliwe. Hatia ile ya Gdańsk aliyoibeba wiki nzima ikawa si kitu mbele ya hii.

Bi. Leokadia alikwaruza kitambaa cha meza kwa ukucha. Alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "unaweza kupumzika na mimi nikiwa hai?"

"Naweza, Mama. Nilitaka kujaribu."

Bibi akanyoosha mkono, akakisukuma kikaratasi hadi mbele ya mkwewe.

"Basi futa hapo," alisema. "Futa haraka, kabla Mama Mtakatifu hajasoma."