Kilo za Alfajiri

Mume wangu alikuwa akiamka alfajiri, anakwenda msalani, anarudi, anapanda mzani uliokaa chini ya dirisha, anausoma, halafu anachukua simu na kunipa mgongo. Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja! Anaandika namba, anatuma, anasubiri kidogo. Simu inalia ti. Anatabasamu peke yake. Ndipo anageuka na kuniuliza, "Bibie, umeamkaje?"

Namba ile ilikuwa uzito wake wa asubuhi hiyo. Aliyekuwa akitumiwa ni mwanamke.

Usianze kunicheka. Nilijua tangu mwanzo kwamba ni uzito, hakuna aliyenificha, na bado roho iliniuma. Yangekuwa mapenzi ningejua pa kuanzia. Nimekulia Tanga, mambo hayo tunayaweza. Lakini unamgombeza vipi mume kwa sababu kamwambia mtu ana kilo themanini na moja?

Ilikuwa miaka ile tuko Qatar, Doha nzima imechimbwa kwa ajili ya treni ya chini ya ardhi, huvuki barabara ila uzungushwe kwenye mabati. Tulikuwa na chumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye ghorofa kuukuu, chumba chenyewe kimekatwa kwa mbao, jirani akipiga chafya tunamwambia pole. Mimi nilikuwa mhudumu hotelini, upande wa kumbi za harusi na mikutano. Yeye alikuwa dereva wa basi la kampuni, akiwachukua vijana wa ujenzi kambini Industrial Area na kuwapeleka kwenye majengo. Siku moja, basi likiwa bado limeegeshwa, kifua kikambana. Vijana wale wale ndio waliomkimbiza hospitali. Alipona, lakini wakasema moyo umebaki dhaifu, hausukumi damu kama zamani, na asipojiangalia maji yatakuwa yanamjaa mwilini. Ndiyo maana ya mzani. Uzito ukipanda ghafla si unene, ni maji, na maji yakifika mapafuni mtu anazama akiwa kitandani kwake.

Hayo ya kuzama mimi sikuambiwa wakati ule. Nitafika huko.

Pale hospitali walikuwa na utaratibu wa kuwakalisha wagonjwa wa moyo pamoja na madaktari wao, viti vikazungushwa, kila mtu akauliza lake. Halafu kila mgonjwa anapewa mwenzake wa lugha moja, wawe wanatumiana uzito kila asubuhi. Ukiona wa mwenzako umeruka, unampigia nesi. Wahindi walikuwa tele, Wanepali tele, Wafilipino usiseme. Wa Kiswahili walikuwa wawili tu, mume wangu na huyo mwanamke.

Mkenya. Alikuwa yaya kwenye nyumba ya Waarabu, moyo wake uliharibika tangu alipojifungua mtoto wake, mwenyewe akaja kuujulia Doha. Mrefu, mpole, Kiingereza kinamtiririka. Nilikutana naye mara ya kwanza kwenye ngazi za hospitali. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Dada, nimeskia mengi juu yako." Mengi gani? Njia nzima ya kurudi nilimuuliza mume wangu mengi gani. Akasema, "Mazuri." Nikamwambia mazuri yangu unayoyajua wewe hayafiki kuitwa mengi.

Maana mimi ndiye niliyekuwa siambiwi kitu. Nikimuuliza hospitali wamesema nini, jibu ni lile lile, "Wamesema niendelee na dawa." Wao wawili wakishika simu, basi ndiyo utasikia: miguu imevimba, nimelalia mito miwili, hiki kidonge cha maji kinanitafutia choo katikati ya barabara. Na wanacheka! Walikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho, na nisingeweza kukinunua wala kukipika, nacho ni ugonjwa. Asubuhi moja nilipanda mzani ule mwenyewe, nikamsomea mume wangu namba yangu kwa sauti. Akasema, "Umenenepa." Sikumsemesha mpaka jioni.

Basi nikarudi kwenye ninachokiweza. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko, nami nilikuwa naomba zamu ya jioni ili mchana nipike. Kila aliyetoka Tanga aliniletea papa mkavu na achari ya embe. Papa yule wa chumvi namloweka kidogo tu asije akapotea ladha, namtia kwenye tui zito, mpaka jirani wa upande wa pili wa mbao anauliza leo kuna sherehe gani. Mume wangu aliniambia mara moja, kwa sauti ya chini, akifunga kamba za viatu, "Wamesema tupunguze chumvi kidogo." Nikapunguza kidogo. Kwenye wali.

Ijumaa moja akala nusu, akasogeza sahani. Sasa kwetu, mume akisogeza sahani ya mkewe haijaisha, mke haulizi kama kashiba, anauliza kala wapi. Nikamwangalia yeye, nikaiangalia sahani. Nikamwambia, "Sawa. Kama kuna anayekupikia visivyo na chumvi, nenda kamalizie huko."

Akaivuta sahani. Akala papa, akala achari, akapangusa mchuzi kwa vidole mpaka sahani ikabaki nyeupe. Na kila Ijumaa baada ya hapo hakubakisha punje. Mimi nikaosha vyombo naimba, najiona nimemshinda mtu.

Halafu ukaja mkutano. Madaktari wa moyo kutoka pande zote za dunia wanakutana Doha, na safari hii hawataki kusikilizana wao kwa wao tu, wanataka wagonjwa wakae nao jukwaani waseme. Ukumbi wenyewe ni wa hotelini kwetu. Mume wangu akaniambia kachaguliwa kuzungumza, na yule Mkenya ndiye atakayemtafsiria. Atamtafsiria! Viti viwili, jukwaani, chini ya taa, na maua mezani, maharusi watupu! Siku hiyo mimi nilikuwa nimepangiwa mgahawani. Nikabadilishana zamu na Mfilipino mmoja kwa kumwahidi nitamshikia kazi yake ya Krismasi, nikaingia ukumbini na trei ya maji. Mume wangu sikumwambia.

Nikasimama ukutani na wahudumu wenzangu. Wageni walikuwa na vile vidude vya masikioni, Kiarabu kipo, Kifaransa kipo, Kihispania kipo. Kiswahili hakipo. Aliyekuwa akiongoza ni daktari mmoja mama wa makamo, nywele zimeingia mvi, miwani kaitundika kifuani. Akamuuliza mume wangu, katika yote tunayokuagiza ufanye, lipi limekushinda? Yule mwanamke akatafsiri. Mume wangu akainamia mikono yake kwanza. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, bila haraka, kwa kuwa alijua hakuna wa kumwelewa ila aliyekaa pembeni yake:

"Chumvi. Mke wangu ananipikia papa kila Ijumaa. Jumamosi kilo zimepanda, pumzi sina, nalala nimekaa. Lakini nikiacha chakula chake anajua nina mwanamke. Basi nakula. Bora nijae maji kuliko yeye ajae hayo mawazo."

Niliiweka trei kwenye meza iliyokuwa karibu, mbele ya mgeni ambaye hakuomba kitu.

Yule mwanamke alinyanyua uso atafsiri, akaniona. Tukatazamana. Akasafisha koo, kisha akasema maneno machache tu. Kiingereza changu ni cha hotelini, lakini chumvi naijua, chakula nakijua, na Ijumaa naijua. Alisema chakula cha nyumbani kina chumvi na mgonjwa anakipenda, basi. Mke hakuwemo. Sahani haikuwemo. Madaktari wakatikisa vichwa vyao, yule mama akageukia mgonjwa mwingine.

Alinisitiri. Yule niliyekuwa nikimsonya kila alfajiri alinisitiri mbele ya dunia nzima, na wallahi sijawahi kuumwa na kitu kama kile. Angenianika ningepata kumchukia kwa raha zangu. Nani alimwomba anisitiri? Hata aibu yangu na mume wangu yeye ndiye awe na ufunguo wake?

"Hajasema yote!"

Sauti ilikuwa yangu. Ukumbi mzima ukageuka, na msimamizi wangu akanitolea macho kule mlangoni. Mume wangu alishika kichwa. Nikaona nikishafika hapo kurudi hakupo. "Mimi ndiye mke," nikasema. "Mtafsirie yote, dada. Na ya sahani mtafsirie."

Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Una uhakika, dada?"

"Mtafsirie!"

Akatafsiri. Nilijua amefika kwenye sahani kwa sababu aliisukuma kwa mkono, sahani isiyokuwepo. Daktari mama hakucheka. Alivua miwani, akauliza, uzito wake wa asubuhi anamwambia nani? Mume wangu akamwonyesha wa pembeni. Na kwa nini si mkewe? "Atanipigia kelele," mume wangu akasema, na hapo ndipo walipocheka, kwanza wa Kiingereza, kisha wa Kiarabu, kisha wale wa Kifaransa, kila mtu kwa jinsi maneno yalivyomfikia sikioni.

"Basi anahitaji hizo kelele," daktari akasema. "Kuanzia kesho mwambie yeye."

Akaniita nisogee karibu na jukwaa. Ndipo nilipoelezwa habari ya maji na mapafu, na mtu kuzama kitandani kwake. Yule mwanamke alinitafsiria neno kwa neno, hakupunguza hata moja. Nikawakumbuka papa wangu wote wa Ijumaa. Nikashika ukingo wa jukwaa, na mume wangu akaniwekea mkono begani mbele za watu, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Kumbe na furaha nilikuwa nayo, nisikudanganye. Kilo zake zilikuwa zimerudi kwangu, na aliyezitoa ni daktari mwenyewe, kwa kipaza sauti. Nikamtupia yule mwanamke jicho moja la pembeni. Alikuwa akikunja kitambaa cha mkononi, anakikunja anakikunjua.

Daktari naye alimwona. Akamuuliza, na wewe sasa, wako utamtumia nani? Akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza kwamba hana mtu, lakini si kitu, amezoea. Chumba chake kiko nyuma ya jiko la mwajiri, na mtoto wake kule kwao bado hajajua kusoma. Hana mtu. "Nobody." Neno hilo la Kiingereza nalijua vizuri, nalisikia kila siku mgeni akilalamika kwamba hakuna aliyesafisha meza yake.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na trei ya kwenda kuchukua na msimamizi wa kumjibu.

"Anitumie mimi," nikasema. "Namba tu. Salamu sitaki."

Kesho yake mume wangu alipanda mzani, akageukia upande wangu, akanisomea uzito. Nikamwambia ashuke apande tena nione kwa macho yangu. Akashuka, akapanda, ananung'unika, nami nikauona, nikasema haya, sawa. Hapo hapo simu yangu ikalia ti. Namba, na chini yake maneno, "Umeamka aje dada?"

Si nilisema salamu sitaki? Nikaanza kumwandikia. Jana ulikuwa ngapi? Miguu je? Usiku umekula nini wewe?

"Nani huyo alfajiri yote hii?" mume wangu akauliza, kanyoosha shingo aone.

Nikampa mgongo. "Hayakuhusu," nikamwambia, nikaendelea kuandika.