Niliifundisha kwaya yetu Kiingereza cha jukwaani, halafu nikamponza mwimbaji wetu

Heshima kwenu wakuu.

Hili jambo nimekaa nalo miezi kadhaa. Nalileta kama lilivyo, hata pale linaponivua nguo mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa English, shule moja ya sekondari huku Ulyankulu, Tabora. Pia naimba sauti ya nne kwenye kwaya ya parokia. Naimba kawaida tu, msije mkaniomba clip.

Mwaka jana tulialikwa kwenye tamasha la kwaya Tabora mjini. Barua ikasema fundi mitambo atakuwa mgeni kutoka nje, Kiswahili hajui. Basi mwenyekiti wetu, Mzee Bonifasi, akanikabidhi kazi: wafundishe watu maneno ya huko stejini, tusije tukaaibika.

Nikapewa wiki tatu. Kila baada ya mazoezi tunabaki ukumbini na ubao. Stage, backstage, microphone, volume, monitor, sound check, lead singer, backing vocals. Gunzi la mahindi ndiyo ilikuwa mic yetu.

Aliyenishangaza ni Mama Spesioza. Huyu ndiye alikuwa anaongoza solo zetu zaidi ya miaka ishirini, na nyimbo nyingi tunazoimba katunga yeye. Darasani hakufika mbali. Lakini alikuwa anayaandika maneno kwenye daftari lake la nyimbo kwa matamshi yake mwenyewe, "saundi cheki", na kesho yake anayasema yote bila kuangalia. Wanafunzi wangu wa form two wangemwona wangejifunza kitu.

Tukaenda.

Asubuhi ya siku yenyewe tukaitwa sound check. Fundi alikuwa kijana mzungu mpole sana. Alituletea viti mwenyewe, akatugawia maji, akaburuta waya mwenyewe huku sisi tumekaa.

Mnaojua monitor mtanisamehe. Ni ile spika ya chini inayomtazama mwimbaji ili ajisikie anachoimba. Bila hiyo, ngoma zikilia nyuma yako, unaimba kama uliyezibwa masikio.

Tukaimba ubeti mmoja. Kijana akaniuliza kama waimbaji wanajisikia vizuri kwenye monitor.

Nikawageukia, nikawauliza kwa Kiswahili.

Wakajibu wote, "Tunashukuru."

Sasa wakuu, aliyelelewa huku anajua. Mgeni ukiulizwa kama umeshiba, unasema nashukuru. Hata kama sahani ilikuja nusu. Mgeni hasemi mboga haina chumvi, na hasa kwa mtu aliyekubebea kiti. Tunashukuru siyo ndiyo na wala siyo hapana.

Na Mama Spesioza alinitazama. Akagusa sikio lake kidogo kwa kidole, akaushusha mkono. Nilimwona kabisa.

Lakini na mimi ni mtoto wa huku huku. Niliona haya kumsumbua yule kijana. Nikamwambia, "Yes, very good."

Saa nane mchana tukapanda. Ngoma zilipoingia tu, mama akapotea. Akapanda juu ya key ya wimbo, sisi tukamfuata nusu, nusu wakabaki chini. Alimaliza wimbo wake mwenyewe akiwa anatafuta sauti yake. Watu walicheka, siyo wengi, ila aliwasikia.

Kwenye gari la kurudi hakuna aliyeimba. Kwetu hilo halijawahi kutokea.

Wiki iliyofuata uongozi ukakaa. Uamuzi: mama umri umekwenda, sikio limechoka, solo apewe binti anaitwa Jenifa, yeye ahamie sauti ya pili. Mzee Bonifasi akalisema mbele ya wote, kwa adabu, akamuuliza kama ameridhika.

Mama Spesioza akasema, "Nashukuru."

Wakuu, pale niliumia. Maana hilo neno nilishalitafsiri vibaya mara moja nikijua, na sasa linatafsiriwa vibaya tena mbele yangu. Na bado nilikaa kimya! Nikarudi nyumbani hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata baada ya misa niliomba nafasi. Nikasimama, nikasema yote. Kwamba sikio la mama halina tatizo. Kwamba hakujisikia, akanionyesha, na mimi nikamjibu yule kijana kwamba kila kitu kiko sawa.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Mama Spesioza hakunigombeza. Alisema hivi tu: "Mwalimu, mimi nilikutazama wewe. Siku ile wewe ndiye ulikuwa mdomo wetu."

Jenifa akawa wa kwanza kusema solo siyo yake. Mzee Bonifasi akakuna kichwa, akamuuliza mama kama angependa kurudi mbele. Wote tulijua atajibu nini. Nilikuwa tayari hata nimeinamisha kichwa.

Akasema, "Ndiyo. Nataka."

Kuna watu walishtuka, nawaambia ukweli.

Mazoezi yaliyofuata alikuja na daftari lake. Akataka nimwandikie kwa Kiingereza: bado sijisikii, ongeza. Nikaandika, I can't hear myself, more please. Na hapo ndipo niliona kosa langu la kwanza kabisa. Kwa wiki tatu niliwapa jina la kila kitu kilichoko jukwaani. Sentensi ya kukataa sikuwapa hata moja.

Nilichojifunza: ukiwa mkalimani, adabu yako weka pembeni, ile siyo zamu yako. Na ukimfundisha mtu lugha ya watu, anza na namna ya kusema bado.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mnaotaka kunisema nisemeni, nilishasemwa na aliyestahili. Ila na nyie mniambie: ni wapi mlisema "nashukuru" mkiwa hamjashiba?