Nilivyobeba Sufuria na Machibya Mpaka Msalabani

Watu wanasema mimi Gaudensia nina mdomo. Ni kweli ninao, na Mungu aliponipa hakuniambia niufungie kabatini. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba mwaka tisini na sita nilitembea siku nne milimani nikiwa kwenye mti mmoja na Machibya, msinikatize. Nitafika kila mahali kwa zamu yake, hata kwenye uzio.

Machibya ni jirani yangu. Ni Msukuma, mrefu, mkimya. Alihamia huku kwetu Mpanda miaka ya themanini na ng'ombe arobaini, mke wake Kabula, na kofia moja ambayo haivui ila kanisani. Mimi ni Mbende, nimezaliwa hapa, shamba langu ni la tangu babu. Kati ya shamba hilo na korongo ndipo ng'ombe wake wanapopita kwenda mtoni. Mwezi wa tatu mwaka ule wakapenya uzio wakaingia kwenye mahindi yangu, yameanza tu kubeba, wakiongozwa na maksai mmoja anaitwa Baka, mnyama mwenye macho ya mwizi. Wakala mistari kumi na minne. Nilitoka na panga na mdomo, sijui kipi kilitangulia.

"Ng'ombe hajui mpaka, mayu," akasema Machibya. Mayu kwao ni mama. "Ng'ombe anajua njia."

"Basi mfundishe mpaka! Kama huwezi, mpeleke shule!"

Tangu siku hiyo tukanuniana. Kwenye jumuiya yetu yeye akikaa kulia mimi nakaa kushoto, na wakati wa kutakiana amani nilikuwa naishika mkono nguzo ya nyumba. Nguzo haijawahi kula mahindi ya mtu.

Sasa, mwenzenu nilikuwa na jambo zito moyoni. Binti yangu Katarina alikaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto. Minane, jamani! Mawifi walikuwa wameshaanza kuhesabu vyombo vyake. Nikaweka nadhiri: akishika mimba, nitakwenda kwa miguu mpaka Msalaba wa Kapimbi kabla mtoto hajazaliwa. Huo ni msalaba wa mti tu, wazee waliusimamisha kileleni, huko juu ya Ikola, na ukifika unaliona ziwa lote. Wanaoijua njia yake ni wachache. Haina basi, haina mabango, ina nyani na mawe. Kila Agosti jumuiya yetu inakwenda, watu kumi na tano hivi.

Na Katarina akashika mimba. Akarudi kwangu kujifungulia, maana uzazi wa kwanza ni kwa mama. Miezi yake ilikuwa inatimia Septemba. Nikamwacha na mdogo wangu Pudensiana, nikafunga kanga kiunoni, nikaenda kulipa nadhiri. Nisingeilipa, nani angeniambia mtoto yule atazaliwa mzima? Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, siyo magoti.

Njia ile ina utaratibu wake. Wenye ugomvi wanabeba mzigo mmoja kwa mti mmoja, huyu mbele, yule nyuma, mpaka msalabani. Wakifika, kila mmoja anataja kosa lake mwenyewe, siyo la mwenzake, halafu wanakunywa maji kwenye kibuyu kimoja. Usipofanya hivyo, umetembea tu.

Katekista wetu Salvatori akafungua daftari. "Sufuria ya jumuiya: Mama Katarina na Machibya."

Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo.

"Salvatori, mimi nina goti," nikasema.

"Kila mtu ana goti, mama. Wewe unayo mawili. Beba."

Sufuria yenyewe ni ile ya msibani, ya kupikia watu mia. Ndani wakatia mchele, maharage na chumvi, wakafunga na kitenge, ikaning'inizwa kwenye mti kwa kamba. Mimi mbele, Machibya nyuma. Ndiyo hija yangu ikaanza hivyo, kengele yake ni mfuniko wa sufuria.

Siku ya kwanza sikumsemesha. Nilisema na mawe, na mbung'o, na Salvatori, ila yeye hapana. Kwenye mlima wa kwanza nikaanza kulegea, mara nyuma yangu nikasikia mluzi: fyuuu, fyu! Nikaongeza mwendo. Nikapanda kama hatua ishirini ndipo akili ikanirudia.

"We Machibya! Unanipigia mluzi kama ng'ombe?"

"Nisamehe, mayu. Mdomo umezoea."

"Na mimi nimezoea kuheshimiwa!"

"Lakini umeenda," akasema.

Wallahi, ningekuwa na nafasi ya kugeuka ningempiga na mwiko. Lakini ukiwa kwenye mti mmoja na mtu hugeuki. Ukigeuka mnaanguka wote na maharage. Mbaya zaidi, mluzi wake ulikuwa unafanya kazi. Siku ya pili alipiga mara sita, na mara zote sita miguu yangu ilimtii kabla ya mimi kukasirika.

Kitu kimoja kikanishangaza. Ile sufuria ilikuwa nyepesi. Mimi na mwili wangu huu na miaka hamsini na mbili, bega haliumi! Jioni wenzangu wanakanda misuli kwa maji ya moto, mimi nazunguka kambini nahubiri. "Imani, jamani!" nikawaambia wanawake. "Mkiwa na imani mzigo unakuwa pamba!" Machibya alikuwa amekaa pembeni anakula ugali, akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya tatu tukafika kwenye kijito, watu wakashuka kunawa. Machibya akavua shati. Bega lake la kulia lilikuwa limechubuka, jekundu, nyuzi za shati zimegandia kwenye kidonda. Nikaenda kuutazama ule mti. Upande wake, karibu kabisa na pale bega linapokaa, alikuwa amechonga kijishimo kwa kisu, na kamba ya sufuria imekaa humo, haitelezi. Mzigo wote ulikuwa wake. Mimi siku tatu nilikuwa nimebeba fimbo.

Niliona aibu, nawaambia ukweli. Nikamletea mafuta ya mawese nimpake. Ile namna ya kuomba radhi sikuijua vizuri, nikasema, "Mjinga wewe, kwa nini hukusema?"

"Una goti," akasema.

Siku ya nne mchana tukafika Kapimbi. Ziwa lile pale chini, jeupe kwa jua. Watu wakapiga vigelegele. Tukaweka sufuria chini, Salvatori akaleta kibuyu. Machibya akavua kofia.

"Ng'ombe wangu walikula mahindi ya mama huyu," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala chini ya mti. Ni kosa langu. Nisamehe, mayu."

Zamu yangu. Na hapa ndipo penye uzio.

Ukweli ni kwamba yale mapito ya ng'ombe yalikuwa mapana. Babu yangu aliyaacha mapana. Ila mimi kila msimu nikitengeneza uzio nilikuwa nausogeza hatua mbili tatu kuelekea korongoni. Nani ataona? Miaka mitatu, hatua saba. Mwisho ng'ombe wakabaki na kijia cha kupita mmoja mmoja, mbavu zinagusa uzio wangu. Ile mistari kumi na minne niliipanda kwenye njia yao. Baka hakuwa mwizi. Baka alikuwa nyumbani kwake.

Nilitakiwa kuyasema hayo pale. Nikatazama watu kumi na tano wananitazama, wale wale niliowahubiria imani. Nikasema, "Mimi… nilimtukana. Na nilimnyima mkono wa amani. Anisamehe."

Nikapewa kibuyu. Maji yakanipalia. Nikakohoa mpaka machozi, Salvatori akanipiga mgongoni, na wanawake wakaanza kusema ni Roho Mtakatifu. Roho Mtakatifu gani! Ilikuwa ni zile hatua saba zimekwama kooni.

Kurudi unaruhusiwa kupanda gari. Tukapata lori la dagaa kutoka Ikola, tukakaa juu ya magunia, wenzangu wanaimba. Mimi nilikuwa nimenyamaza, na walioniona wakaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nawaza kitu kimoja: nadhiri yangu nimeilipa nusu kwa uongo, na Mungu siyo balozi wa nyumba kumi wa kudanganywa. Kama mtoto wa Katarina atapata neno, nitamwambia nini mwanangu? Njia nzima nilikuwa nasema, Bwana, nidai mimi, usimdai yeye.

Tukashuka njia panda, mimi na Machibya tukatembea pamoja kwenda makwetu. Nikafika shambani, nikatazama. Uzio wangu haupo! Umekatwakatwa kwa panga, nguzo zimelala, na juu ya shamba langu kuna nyayo za maksai, za kina kirefu.

Jamani, binadamu ni binadamu. Yale mawazo yote ya kwenye lori yakaruka. "Machibya!" nikapiga kelele. "Nimekusamehe juzi tu! Hata maji ya kibuyu hayajakauka! Huyo Baka wako—"

Pudensiana akatoka nyumbani anakimbia. "Dada, nyamaza! Mtoto amelala!"

"Mtoto gani?"

"Katarina alishikwa na uchungu juzi, kabla ya siku zake. Hawezi hata kusimama. Nikamwita Kabula, akafunga maksai kwenye mkokoteni tumkimbize zahanati. Kufika hapa kwenye mapito magurudumu hayapiti, uzio umebana mpaka kwenye korongo. Kabula akashika panga akaukata wote. Dada, nesi amesema kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Tungezungukia barabarani, tusingekuwa naye."

"Nani alikuwa anavuta mkokoteni?"

"Nani tena, si Baka na mwenzake!"

Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Machibya akasimama pembeni yangu, kofia mkononi, kama yuko kanisani.

"Machibya," nikasema, "huu uzio niliusogeza mimi. Hatua saba. Msalabani sikusema."

"Nilijua, mayu. Nilizipima."

"Sasa mbona hukunisema kwa balozi?"

Akafikiri kidogo. "Ungekataa mbele ya watu. Mtu akishakataa mbele ya watu, kurudi ni kazi." Akafikiri tena. "Halafu siku ile ulikuwa na panga."

Niliingia ndani kumwona mjukuu wangu, kidume, mapua kama ya babu yake. Nikamshika, nikamrudisha kwa mama yake, nikachukua jembe nikatoka. Machibya alikuwa bado hajaenda kwake. Tukaanza kung'oa vile visiki vya nguzo, tukavipeleka hatua saba ndani, pale alipoacha babu. Vilikuwa vizito. Machibya akauleta ule mti wetu wa sufuria, mimi nikashika mbele, yeye nyuma. Ila safari hii kamba niliifunga mimi, upande wangu.

Akaivuta kwake. Nikairudisha. Akaivuta tena.

"Una goti, mayu!"

"Na wewe una bega! Lete kamba, Msukuma wewe!"

Tukagombana pale mpaka mtoto akaamka.