Kijiji cha Mtoto wa Khalati

Kwa miaka sita, tangu tulipotua Maskati mwaka wa sitini na nne na mabegi yetu mawili, niliamini kuwa mtoto wa khalati yangu, ndugu wa mama, anamiliki kijiji huko Chekoslovakia. Si nyumba kijijini, la. Kijiji kizima: vilima viwili, kijito, bwawa, kengele, na nyumba arubaini na moja pamoja na watu waliomo ndani yake. Mtaa wetu wote wa Matrah uliamini hivyo, lakini hapana aliyeamini kama mimi, maana mimi niliamini kwa wivu, na wivu wangu haukutaka ushahidi.

Mtoto wa khalati na mimi tulikuwa rika moja. Unguja yeye alipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, mimi nikabaki na shule ya usiku, ambako mbu walikuwa wengi hata maalim akiandika ubaoni kwa chaki nyeupe sisi tunasoma nyeusi. Nilimaliza lakini, na cheti ninacho. Kisha mambo ya Unguja yakageuka, sisi tukaja huku kwa babu zetu tusiowajua, naye akabaki kwenye theluji, hana njia ya kurudi Unguja wala ya kuja Maskati.

Barua zake zilipitia Kuwait kwa mkono wa mtu, tatu au nne kwa mwaka. Khalati alisoma msahafu wake vizuri sana, lakini herufi za kizungu hakuzijua, kwa hivyo msomaji nikawa mimi. Na hazikusomwa nyumbani. Zilisomwa Ijumaa baada ya laasiri barazani kwa jirani yetu, mzee aliyewahi kuishi Unguja akarudi zamani, mwenye shamba la mitende Bawshar. Yeye ndiye aliyetaka ziletwe kwake, na mimi nisingeweza kumkatalia kitu, kwa sababu alikuwa na binti, na mama yangu alikuwa ameshapeleka posa. Jibu lilikuwa hatujakataa, subirini kidogo. Basi nikawa nasubiri kwa kusoma barua.

Ya kwanza naikumbuka mpaka leo. Baada ya salamu kwa mama yake, mtoto wa khalati aliandika kuwa kijiji kipo baina ya vilima viwili. Mashariki kinapakana na msitu, magharibi na kinu cha kusagia kinachoendeshwa kwa maji. Mpaka wa kusini unaanzia jiwe lililochongwa alama, unateremka na kijito mpaka mti mkubwa wa kivuli, kisha unakata shamba la viazi na kurudi juu. Hakuna khabari ya masomo, hakuna khabari ya chakula, hata afya yake hakuitaja.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa amefumba yake, midomo inakwenda kama mtu anayehakikisha hesabu ya sala.

Hapo lazima nieleze desturi ya Bawshar. Siku zile shamba halikuwa na hati. Mtu alirithi mitende pamoja na maneno yake: kutoka mwamba fulani mpaka ukuta fulani, maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, ni yako baada ya nani na kabla ya nani, na nani aligombana na nani juu ya mnazi upi, ulimi wangu wa Unguja huo, maana ni mtende. Baba alimhifadhisha mwanawe kama sura. Wakifika kwa kadhi, aliyeweza kusema mipaka bila kukwama ndiye mwenye shamba. Kwa hivyo mzee alifumbua macho akasema, taratibu, akiniangalia mimi kama kwamba ndimi niliyebisha:

"Mtu hahifadhi mipaka ya mwenziwe."

Ndiyo ikawa hukumu. Kabla ya magharibi muuza halua alikuwa anajua.

Barua ya pili ilileta khabari za kale. Moto uliounguza nyumba kumi na tatu. Askari kutoka nchi za kaskazini waliokuja kuchukua kengele ili waiyeyushe wafanye mizinga, na wanawake wakaificha bwawani. Bwana mkubwa aliyekuwa na ardhi yote, kisha akaondoka asirudi. Mzee akasema haya, bwana kaondoka, kijana wetu kaingia. Ijumaa iliyofuata, mtaani, kijana wetu alikuwa ameshanunua. Iliyofuata tena, alikuwa na farasi. Khalati hakusema ndiyo wala la. Alikuwa akitabasamu na kujifunga ukaya wake wa kichwani vizuri, na mimi nilimchukia kwa tabasamu lile, Mungu anisamehe, khalati yangu aliyenilea.

Nilikonda. Nilikonda hata kanzu yangu ikawa inafika kazini mbele yangu. Nikipita kwenye majabali ya Matrah, yasiyo na hata jani la kumfaa mbuzi, namwona mwenzangu amesimama juu ya kilima chake anatazama viazi vyake.

Iliyonivunja ni barua ya bwawa. Kila mwaka baridi ikikaribia, aliandika, hufunguliwa mlango wa bwawa, maji yakatoka yote, na watu wakaingia kwenye tope na viatu virefu wakaokota samaki kwa mikono. Mzee akauliza nani hufungua huo mlango. Barua haikusema. Akajijibu kuwa mlango wa maji hufunguliwa na mwenye maji.

Basi nikaanza kuharibu, sitaficha. Aliposema njia imepandwa miti ya matunda pande zote mbili na mpita njia huchuma, niliyaruka maneno hayo. Mahali pake nikasoma, kwa sauti ya msiba, kuwa theluji imefukia ng'ombe arubaini. Mzee akatikisa kichwa.

"Na bado hajakimbia," akasema. "Huyo ndiye mwanamume."

Mara nyingine nikaongeza kuwa kijito kinanuka. Akasema maji yanayonuka yana mbolea. Nikaacha. Kila nilichomtupia mwenzangu kilimwongezea ng'ombe.

Mwaka wa sitini na tisa mama akaenda kuuliza jibu. Akarudi, akavua baibui, akakaa. Mzee alikuwa amesema kwa heshima zote kuwa hatatoa neno mpaka aje yule mwenye kijiji, maana huenda naye akataka kuoa nyumbani kwake. Kwa hivyo miaka yote ile, kwa kinywa changu mwenyewe, nilikuwa nasoma posa ya mtu mwingine.

Mwaka wa sabini akatawazwa Sultani mpya, nchi ikafunguka, na mtoto wa khalati akaja. Nilikwenda uwanja wa ndege wa Bait al-Falaj na kanzu yangu bora, nimeshajiandaa kuzuia uso usionyeshe kitu. Akateremka na begi moja na koti lililokosa vifungo viwili. Nikasubiri mizigo mingine ishushwe. Ndege ikafungwa.

Ijumaa mzee alimkalisha juu ya zulia, mahali pake mwenyewe, akamkatia halua kwa mkono wake. Mimi nilikuwa mlangoni, karibu na viatu. Nyuma ya pazia vikuku vililia mara moja. Mke wangu mpaka leo anasema havikuwa vyake. Mzee akangoja kahawa izunguke, kisha akauliza alilolingojea miaka sita.

"Na kijiji umemwachia nani?"

Mtoto wa khalati akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi.

"Kijiji kipi, ammi?"

"Chako. Chenye bwawa."

Akaweka kikombe chini.

"Mimi sina kijiji, ammi. Tulipofika tu, kabla ya chuo, tulikaa pale kijijini miezi sita kusomeshwa lugha yao, na kila wiki maalim akitupa kazi ileile: elezeni kijiji, kilipo, mipaka yake, khabari zake za kale. Mambo ya mashine niliyokwenda kusomea mama asingeyafahamu, na ya huzuni sikutaka kumwandikia. Basi nikawa namfasiria daftari langu la darasa."