Karatasi Aliyoigeuza Injinia Peng

Udongo ulinifika kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa, na mbele yangu niliona kofia ngumu tatu za wenzangu, watu niliowaambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba waingie mtaroni. Rashidi wa Pangani, aliyefukiwa karibu yangu, alikuwa akiita, "Kaka Shabani, si ulisema mzee karuhusu?" Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote nilizopitia kazini, pale Al Wakrah, Qatar.

Wote wanne tulitoka hai. Nalisema mapema kwa sababu hata leo nikilitaja kifua kinakuwa chepesi. Sasa nirudi nyuma, nyinyi mnaotaka kwenda Ghuba mjue kazi yenyewe ilikuwaje.

Mimi ni wa darasa la nne. Kichina nilikiokota kwa masikio kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, Dodoma, nikiwa dereva wao wa tipa. Mmoja wa wasimamizi alipohamishiwa Doha akaniombea kazi huko ya udereva na ukalimani, maana vibarua wengi wa kikosi chetu walikuwa Waswahili. Siku ya kwanza nilipelekwa ofisini kwa Mkuu wa Mradi, Mzee Guo. Nilidhani ataniuliza leseni. Akatoa sarafu tatu za shaba, akazirusha mezani, akahesabu zilizoangukia kichwa, akaniambia, "Chora."

Kila rusho la ramli hiyo ya Kichina lilitoa mstari mmoja. Hesabu ikiwa witiri, mstari mzima. Ikiwa shufwa, mstari uliokatika katikati. Marusho sita, mistari sita, na kila umbo la mistari sita lina jina lake na maana yake. Mimi nikaanza kuchora juu, kama mtu anayeandika barua.

"Kwenu nyumba mnaanza kujenga paa?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Basi mstari wa kwanza uko chini. Ukikosea hapo, umesoma jambo jingine kabisa."

Maumbo ni sitini na manne. Ilinichukua miaka miwili kuyajua, na sikuyajua kwa kitabu. Mzee alinisomesha garini, mimi nashika usukani yeye anaeleza. Kabla ya kazi yoyote ya hatari, kuchimba chini sana au kunyanyua vyuma, alirusha sarafu zake, mimi nikachora, akanieleza maana, nami nikapeleka karatasi saiti. Kwa Wachina wa pale karatasi ile ilikuwa amri. Kwetu niliitafsiri kwa Kiswahili.

Dhamiri ilinisumbua, sifichi. Mwislamu na ramli wapi na wapi? Nikajiambia mimi sipigi, natafsiri tu. Ofisa usalama wetu, Otieno wa Kisumu, alinicheka kila akitoka kanisani Mesaimeer, kwenye makanisa ya Doha.

"Buda, leo sarafu zimesemaje? Nitapata mke ama niendelee kupika ugali pekee yangu?"

"Zimesema kwanza uoge."

Lakini Otieno alikuwa na macho. Aliniambia, "Huyo mzee haendi tu na sarafu. Angalia viatu vyake." Kweli, kila alipotoa onyo, jana yake viatu vilikuwa na tope la saiti. Alikuwa anapita kimya kimya kukagua. Nikaanza kumheshimu zaidi.

Siku ile umbo lilikuwa Jian, maji juu ya mlima. Maana yake kizuizi: mbele hapapitiki, simama. Mzee akasema, "Waambie wasishuke mtaroni mpaka mbao za kuzuia udongo zipigwe pande zote. Pale chini maji yanavuja." Nikaendesha mpaka Al Wakrah. Mkuu wa saiti, Injinia Peng, alikuwa amechelewa na kazi, na amekasirika. Nikampa karatasi, nikamwambia maneno ya mzee.

Akaitazama. Akaigeuza, chini ikawa juu.

"Unaishika vibaya," akasema. "Hii ni Xie. Ngurumo juu ya maji. Kilichofungwa kimefunguka. Watu washuke."

"Bosi, mzee mwenyewe kasema kizuizi. Kataja mpaka mbao."

"Wewe ulisoma shule gani?"

Umbo la Jian ukiligeuza linakuwa Xie kweli, hakusema uongo katika hilo. Nilijua mstari wa kwanza niliuweka wapi, na maneno ya mzee yalikuwa bado masikioni. Lakini msomi wa chuo kikuu ananitazama, na mimi ni wa darasa la nne, nikaona labda ni mimi nisiyejua. Otieno alikuwa saiti nyingine. Nikawageukia wenzangu nikasema, "Mzee karuhusu. Twendeni." Nikashuka nao. Ukuta wa mtaro ukashuka kabla ya chakula cha mchana.

Walitutoa kwa mikono na makoleo, Wanepali, Wachina, Waswahili, hakuna aliyeuliza mwenzake wa wapi. Rashidi alitoka wa mwisho, amevunjika mguu, anatukana. Sijawahi kufurahia matusi namna ile.

Mzee Guo alikuja hospitali. Aliniuliza jambo moja tu: "Mstari wa kwanza uliuweka wapi?"

"Chini."

"Basi ulisoma sawa." Akaketi kitandani pangu. "Ulisoma sawa, ukamwachia mwingine asome badala yako."

Maneno hayo yaliniuma na yakanitua mzigo kwa pamoja. Siku zote nilizolazwa na goti lililopondeka nilikuwa nadhani ujinga wangu ndio uliowafukia wenzangu. Haukuwa ujinga. Ulikuwa woga, na kwa woga huo niliwaomba radhi wenzangu. Rashidi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, ungebaki juu ningekuchukia. Ulishuka. Yameisha."

Nilistaafishwa kwa sababu ya goti. Sasa niko Korogwe, nafuga kuku, asubuhi naamka sina wa kumtafsiria, na raha yake siwezi kuieleza. Kijana atakayeniuliza ukalimani ni nini, nitamwambia ni kusimama na ulichokisikia hata mkubwa akikutolea macho.

Ila ripoti ya ajali inasema hivi mpaka leo: mkalimani alileta karatasi juu chini. Aliyeiandika ni Injinia Peng. Mzee Guo alipinga, akarudishwa kwao, ripoti ikabaki. Sehemu yangu nimeijibu mbele ya watu niliowashusha. Peng hajajibu yake. Nataka aseme kwa jina lake, mbele ya Rashidi na wale wawili: siku ile, nani aliigeuza ile karatasi?