Kiangazi cha Bomba Jipya

Maharage yanayochemka bila kuiva yana harufu yake. Si ile harufu nzito na tamu ya maharage yaliyoukubali moto. Ni harufu mbichi, ya majani na udongo, inayokaa chini ya bati tangu asubuhi hadi alasiri na kuingia kwenye nguo. Nilikuwa na miaka tisa kiangazi ambacho nyumba yetu ilinuka hivyo. Tulikuwa tumehama kutoka katikati ya mji wa Kasulu, nyuma ya duka la baba, tukaenda kwenye viwanja vipya upande wa Heru Juu, ambako nyumba zilisimama mbali mbali na vumbi jekundu lilipaka kuta hadi usawa wa kiuno changu. Kule mjini tulizoea maji ya chemchemi yaliyoshuka kutoka mlimani. Huku baba alivuta bomba la kisima kirefu hadi uani, na siku lilipofunguliwa aliwaita rafiki zake wawili waje kuona. Wiki mbili baadaye kaka yangu Saidi alioa. Mkewe, Hadija, binti wa wakulima wa Kagerankanda, akakabidhiwa jiko, kwa kuwa mama alisumbuliwa na mgongo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wifi Hadija hakuingoja ya tatu. Alikuwa mrefu, akicheka hufunika mdomo, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama Kiha cha kwao. Aliloweka maharage tangu jana yake, akayabandika jua likichomoza, na mchana tulipoketi kula yaligonga sahani kama changarawe. Magadi ya kuyalainisha baba hakuyataka kwa sababu ya kiungulia. Chai ilitanda utando juu. Birika lililoletwa zawadi ya harusi lilijenga ukoko mweupe ndani yake, kila siku mnene zaidi. Kwenye kufua ndiko kulikokuwa na balaa: alisugua sabuni mpaka mkono ukamchoka, na badala ya povu yakatoka mabonge ya kijivu yaliyong'ang'ania nguo. Kanzu nyeupe za baba zikawa rangi ya majivu, naye siku ya Ijumaa akaenda msikitini amevaa shati. Viganja vya wifi vilipasuka. Jioni nilimwona akivipaka mawese, akivipuliza.

"Mama, maji haya yana kitu," alisema siku moja.

"Maji yana kitu, au mikono ndiyo ina kitu?" mama akamjibu. "Mimi nimepika miaka ishirini katika mji huu."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amepika miaka ishirini, ila si kwa maji yale. Lakini bomba lilikuwa fahari ya baba, na hakuna aliyethubutu kulinyooshea kidole. Majirani wachache tuliokuwa nao walikutana na shida ileile, nimekuja kujua baadaye. Kila mwanamke aliificha sufuria yake akidhani ni aibu yake peke yake.

Siku moja mama alipokwenda mjini, wifi alinichukua tukashuka bondeni, kwenye kijito wanakochota wenye mashamba. Njiani aliniambia baba amekwisha kukataza: mkwe wake hawezi kuonekana bondeni na ndoo kichwani wakati bomba liko uani. Tulirudi na ndoo moja. Maharage aliyoyapika kwa maji hayo yaliiva kabla ya adhuhuri, yakapasuka yenyewe, mchuzi ukawa mzito. Wifi alicheka peke yake jikoni, safari hii hakufunika mdomo. "Umeona, wifi?" aliniuliza. "Umeona kwa macho yako?" Nikasema nimeona. Mama aliporudi alikula, akasema, "Kumbe ukitaka unaweza." Maneno hayo, yaliyofanana na sifa, ndiyo yaliyommaliza wifi. Tangu hapo kila sufuria ngumu ilihesabiwa kuwa ni kiburi.

Mwishoni mwa kiangazi kilifanyika kikao sebuleni: baba, mama, shangazi na kaka Saidi. Shangazi alisema mke ni nguo, mgomba kupalilia, tumvumilie. Mama alisema amevumilia vya kutosha. Kaka alitazama vidole vya miguu yake. Wifi Hadija, ameketi mkekani, akasimulia habari ya kijito bila kuficha kwamba alivunja amri. Kisha akasema, "Muulizeni Rehema. Tulikuwa pamoja."

Wote wakanigeukia. Mama hakunikazia macho wala hakunitisha. Alinitazama tu, mkono wake ukiwa mgongoni pale palipomuuma. Nilijua mama akionekana amekosea, nyumba nzima itakuwa na hasira, na baba ataniuliza kwa nini nilikwenda bondeni. Nikasema, "Sikumbuki."

Wifi hakunilaumu. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mawe," yaani mama yangu, kama Waha wanavyosema jambo likiwazidi. Kesho yake kaka alimrudisha kwao akafundwe upya.

Mvua zilianza wiki chache baadaye. Mama alikinga maji ya bati kwenye pipa, akabandika maharage. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni nilipomwona akifunua sufuria, akachukua punje moja, akaibonyeza, ikasagika. Akabonyeza ya pili. Akaketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, mpaka mchuzi ukaungua.

Kaka aliposikia, alikwenda Kagerankanda kwa baiskeli kuomba radhi. Mkwewe alimpokea kwa heshima, akamkaribisha bugali wa muhogo na maharage laini. "Kapika huyohuyo," akamwambia. Hadija mwenyewe alitoka, akamsalimia mumewe vizuri, akasema hawezi kurudi kwa watu walioiamini sufuria kuliko yeye. Talaka iliandikwa kimyakimya. Kaka alioa tena, lakini hakuonja tena maharage nyumbani kwetu.

Nilikutana na Hadija mwaka jana, stendi ya Kasulu, nikisubiri gari la kurudi Kibondo ninakofundisha. Ana wajukuu. Aliuliza hali ya kila mmoja kwa jina, na nilipomwambia mama ametangulia, alimwombea dua. Nikaanza kusema lile nililolibeba miaka yote. Akanishika mkono. "Acha, Rehema. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi niliwangoja wakubwa." Gari lake likaita abiria, akapanda.

Siku hizi viwanja vile vimejaa nyumba, na karibu kila bati lina mfereji na tangi chini yake. Wenyeji wanamwambia mpangaji siku anayohamia: ya bomba ni ya kudekia, ya kupikia kinga mvua. Wanalisema wakicheka. Hata wanafunzi wangu wanajua kwamba ni chokaa ya ardhini, si mkono wa mtu. Maji tumeyajua. Lakini katika nyumba nyingi ninazoingia, jambo likiharibika, anayetazamwa kwanza bado ni yule aliyefika mwisho.